Kununua nyumba Uingereza baada ya talaka: namna ya kuepuka ushuru wa nyumba ya pili

Ukinunua nyumba England au Ireland Kaskazini huku jina lako lingalimo kwenye hati ya nyumba nyingine, unaongezewa asilimia 5 ya bei juu ya ushuru wa stempu (kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba). Nyumba ya pauni 300,000 ina ushuru wa kawaida wa 5,000. Ukiongezewa hiyo ziada unafika 20,000. Waliotalikiana hunaswa kwa urahisi, maana mtu keshahama lakini jina bado limo. (Scotland na Wales zina sheria zao.)

Kinachoangaliwa ni mali uliyonayo mwisho wa siku unayokabidhiwa nyumba mpya. Kwa hiyo orodhesha mapema kila nyumba yenye jina lako, popote duniani. Nyumba ya Mombasa au Tanga inahesabika ikiwa fungu lako lina thamani ya pauni 40,000 au zaidi. Kiwanja kitupu hakihesabiki. Nyumba za mume au mke nazo ni zako kwa hesabu hii maadamu mnaishi pamoja. Mkishatengana kwa namna inayoonekana ni ya kudumu, zinaondoka, hata kama talaka haijatoka.

Njia safi kuliko zote ni kulitoa jina lako kwanza. Fungu likihamishiwa kwa mtalaka wako kwa amri ya mahakama au kwa mapatano ya talaka, halitozwi ushuru wa stempu, hata akibeba mkopo wote. Lakini benki lazima ikubali kukuondoa kwenye mkopo, na itapima kipato chake upya. Hapo ndipo wiki hupotea, basi anzia benki kabla ya kutafuta nyumba. Mwenye nyumba nyingine Mombasa naye asikate tamaa: akiwa ameliachia fungu lake lote la nyumba ya ndoa katika miaka 3 kabla ya kununua, na ndani ya miaka hiyo aliwahi kuishi humo kama makazi yake makuu, ile mpya ikiwa ndiyo makazi yake makuu huhesabiwa badala ya ile ya ndoa na ziada haimhusu.

Tahadhari: nikaha iliyofungwa Uingereza bila kusajiliwa serikalini si ndoa kwa sheria ya huko. Msamaha wa wanandoa hauwafikii, na sehemu ya mkopo anayoichukua mwenzako huhesabiwa kuwa bei.

Kama mahakama imekuachia fungu lakini mtalaka anabaki humo na watoto, fungu hilo haliingii kwenye hesabu, ilimradi yeye anaishi humo kama makazi makuu nawe huishi humo. Barua za mawakili na maelewano ya mdomo hayatoshi. Mkishaelewana, yapelekeni mahakamani yawe amri kabla ya kukabidhiwa nyumba mpya.

Muda ukikubana, lipa ziada ndani ya siku 14, kisha iuze au iachie nyumba ya zamani ndani ya miaka 3 na udai urudishiwe. Wengi hukwama hapa: nyumba ya zamani lazima iwe ilikuwa makazi yako makuu wakati fulani katika miaka 3 kabla ya ununuzi. Aliyehama Machi 2021 akanunua Juni 2025 harudishiwi kitu. Dai hupelekwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa fomu ya mtandaoni, ndani ya miezi 12 tangu kuuza, au tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya ushuru) ya ununuzi, ipi inakuja baadaye. Mwombe wakili wako ile namba ya ritani yenye jumla ya herufi na tarakimu 11. Bila hiyo fomu haikamiliki.