Jinsi ya kupanga majarida ya tiba kwa vipimo vya nukuu bila kujidanganya

Wiki iliyopita nilikaa na daktari mmoja kijana anayemalizia ubingwa wa magonjwa ya watoto. Alikuwa na makala iliyokamilika kuhusu maambukizi kwa watoto wachanga, na orodha ya majarida kumi na mawili. Msimamizi wake alimwambia maneno mawili tu: "Peleka Q1." (Q1 ni jarida lililo katika robo ya juu ya orodha ya fani yake, Q2 robo ya pili, na kuendelea hadi Q4.) Daktari akaniletea jedwali lake. Mbele ya jarida alilolipenda kuliko yote alikuwa ameandika kwa penseli Q1, Q2 na Q3, kila moja na alama yake ya kuuliza. Alidhani amekosea kusoma. Hakukosea, zote tatu zilikuwa sahihi.

Mimi ni mkutubi wa utafiti, na kazi hii ya kupanga majarida naifanya na watu karibu kila wiki. Hizi hapa ni hatua tulizopitia siku ile. Ya nne ni ndefu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wengi, na mimi mwenyewe iliwahi kunila siku nzima.

Hatua ya 1: Anza na ISSN, si jina

Majina ya majarida yanafanana mno, na wapo matapeli wanaofungua tovuti kwa jina na namba za jarida halali. Chukua ISSN, yaani namba ya utambulisho ya jarida, zote mbili, ya toleo la karatasi na ya toleo la mtandaoni, kisha zihakiki kwenye portal.issn.org. Ni tarakimu nane, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Ziandike kwenye safu mbili za kwanza za jedwali lako. Kila utafutaji utakaoufanya baadaye, tafuta kwa ISSN.

Hatua ya 2: Jua kila namba inahesabu nini

Ya zamani na yenye sifa kuliko zote ni Journal Impact Factor, ambayo nitaiita JIF. Wazo la kukusanya nukuu za kisayansi kwenye faharasa lililetwa na Eugene Garfield mwaka 1955, na orodha ya majarida yenye kipimo hiki, Journal Citation Reports, ilianza kutoka mwaka 1975. Leo inamilikiwa na kampuni ya Clarivate.

Hesabu yake ni ya kugawanya tu. Tuseme jarida lilichapisha makala 60 mwaka 2022 na makala 70 mwaka 2023, jumla 130. Ndani ya mwaka 2024, jarida likanukuliwa mara 520 kwa yale liliyoyachapisha miaka hiyo miwili. Gawanya 520 kwa 130, unapata 4.0. Hiyo ndiyo JIF ya 2024.

Lakini angalia mstari wa kugawanya kwa makini. Juu ya mstari zinahesabiwa nukuu zilizoelekezwa kwa jarida, ziwe za utafiti, tahariri au barua kwa mhariri. Chini ya mstari zinahesabiwa makala za utafiti na za mapitio peke yake. Kwa hiyo jarida lenye tahariri zinazonukuliwa sana linapandishwa juu bila kulipia chini. Mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza hadharani kwamba JIF yao ingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11, kutegemea aina zipi za makala zingeingizwa kwenye hesabu. Jarida ni lile lile na nukuu ni zile zile.

CiteScore ni ya Elsevier, ilizinduliwa mwaka 2016 na inatumia hifadhidata ya Scopus. Tangu mwaka 2020 inaangalia miaka minne: nukuu zilizopatikana ndani ya miaka minne kwa kazi zilizochapishwa miaka hiyo hiyo minne. Ndiyo maana CiteScore ya jarida mara nyingi huwa kubwa kuliko JIF yake. Usiziweke kwenye safu moja.

SJR (SCImago Journal Rank), nayo inayotumia data za Scopus, haizipi nukuu zote uzito sawa. Kunukuliwa na jarida lenye hadhi kuna uzito zaidi. SNIP, iliyobuniwa Leiden, Uholanzi, inarekebisha tofauti za desturi za kunukuu. Watafiti wa biolojia ya molekuli wananukuu kwa wingi na kwa haraka, wa hisabati kidogo na taratibu, kwa hiyo kulinganisha namba zao ghafi ni kuwaonea wa hisabati. Hata ndani ya tiba, saratani na udaktari wa meno haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Mimi naanza na SJR na CiteScore kwa sababu ziko wazi kwa kila mtu bila kulipia. JIF naiongeza pale kamati au msimamizi anapoitaka. H5-index ya Google Scholar (idadi h ya makala za miaka mitano iliyopita ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h) siitumii kupanga majarida, kwa sababu inalipendelea jarida linalochapisha makala nyingi. Na namba iliyobandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jarida siikubali kamwe mpaka niione kwenye chanzo chake. Zipo kampuni zinazouza vipimo vyenye majina yanayokaribiana na Impact Factor, na jarida likishalipia linajipamba navyo.

Hatua ya 3: Pakua faili, usinakili kwa mkono

Kwenye scimagojr.com, chagua fani na mwaka, kisha pakua orodha. Faili inayotoka imetenganishwa kwa nukta-mkato, na desimali zake zimeandikwa kwa mkato, si kwa nukta. Ukiibofya ifunguke moja kwa moja kwenye Excel, SJR ya 0,987 inaweza kusomwa kama 987. ISSN nazo zimeandikwa bila kistari, na zile zinazoanza na sifuri zinaweza kupoteza sifuri zake. Ingiza faili kupitia menyu ya Data, iambie Excel kwamba kitenganishi ni nukta-mkato na desimali ni mkato, na safu ya ISSN iwe maandishi.

CiteScore unaipata kwenye ukurasa wa vyanzo wa Scopus, bila usajili wa kulipia. JIF inahitaji usajili wa taasisi. Muulize mkutubi wako kabla hujakata tamaa.

Hatua ya 4: Robo, na swali la "robo ya nini?"

Q1 maana yake jarida limo katika robo ya juu ya orodha. Hakuna Q1 inayosimama peke yake. Lazima kuwe na orodha, na orodha hiyo inatokana na mambo matatu: hifadhidata gani, kipimo gani, na fani gani. Badilisha moja kati ya hayo na robo inaweza kubadilika.

Turudi kwa yule daktari. Q1 aliipata SCImago, kwenye fani ya magonjwa ya watoto. Q2 aliipata hapo hapo SCImago, kwenye fani ya magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu jarida limesajiliwa katika fani mbili. Q3 ilitoka Journal Citation Reports, ambako majarida yanayoshindana nalo ni mengine, fani zimekatwa kwa namna nyingine na kipimo ni JIF. Ni orodha tatu, kwa hiyo majibu matatu.

Mimi nilipokwama siku ile, niliyoisema mwanzoni, nilikuwa nafanya kosa jingine. Katika faili la SCImago ipo safu inayoonyesha robo bora ya jarida. Nilidhani ni robo yake katika fani niliyoichuja. Siyo. Ni robo ya juu kabisa ambayo jarida limepata katika fani yoyote ile. Jarida linaweza kuwa Q3 katika fani unayoishughulikia, likasomeka Q1 kwa sababu ya fani ya pembeni yenye ushindani mdogo. Nilipanga majarida thelathini kwa safu hiyo, nikayapeleka, na mtafiti akaniuliza swali moja lililonibomolea jedwali lote: "Hili la usimamizi wa hospitali limefikaje Q1 ya upasuaji?" Nikaanza upya, nikifungua ukurasa wa kila jarida na kusoma robo ya kila fani. Hiyo ndiyo njia ninayoitumia hadi leo. Ni ya polepole, na sijapata ya mkato ninayoiamini.

Kuna mambo mengine ya kuchunga hapa.

Mipaka ya robo ni mikali. Jarida la mwisho katika Q1 na la kwanza katika Q2 yanaweza kutofautiana kwa nukuu chache tu. Kwa hiyo napendelea kuandika nafasi yenyewe, kwa mfano "ya 14 kati ya 60", pamoja na asilimia yake. Msomaji akiona hivyo anaelewa ukubwa wa orodha. Kuwa wa tano katika fani ya majarida ishirini si sawa na kuwa wa tano katika fani ya mia tatu.

Robo inaweza kuhama bila jarida kubadilika hata chembe. Mwaka 2023 Clarivate ilianza kutoa JIF kwa majarida yaliyomo kwenye faharasa zake nyingine, ikiwemo ile ya majarida yanayochipukia, na mwaka 2024 ikayaunganisha yote katika orodha moja kwa kila fani. Kabla ya hapo, fani kama saikiatria ilikuwa na orodha mbili, moja ya sayansi na nyingine ya sayansi ya jamii, na jarida lingeweza kuwa na robo mbili ndani ya fani ya jina lile lile. Ukilinganisha robo ya 2021 na ya 2023, fahamu kwamba orodha zenyewe zimebadilika. Na tangu mwaka 2023 JIF inatolewa kwa desimali moja badala ya tatu, kwa hiyo majarida mengi zaidi yanalingana nafasi.

Sasa, uchague fani ipi? Fungua orodha ya marejeleo ya makala yako na uhesabu. Ya yule daktari ilikuwa na marejeleo 41; tuliyapitia moja baada ya jingine kwa kidole kwenye kioo, na 26 yalitoka majarida ya watoto. Wasomaji wake wako huko, na watakaomnukuu wako huko. Tukafuta Q2 na Q3, tukaandika kando kwa nini tumezifuta.

Hatua ya 5: Chunguza namba iliyopaa ghafla

Angalia miaka mitano, si mmoja. JIF ya Acta Crystallographica Section A, jarida la sayansi ya fuwele, ilikuwa 2.051 mwaka 2008, ikaruka hadi 49.926 mwaka 2009. Sababu ni makala moja iliyoeleza historia ya SHELX, programu ya kompyuta ya kuchambua miundo ya fuwele, ambayo kila aliyeitumia programu hiyo aliinukuu. Makala hiyo ilipotoka kwenye dirisha la miaka miwili, jarida likarudi lilipokuwa.

Katika tiba mfano wa karibu ni UVIKO-19. The Lancet ilikuwa na JIF ya 202.731 mwaka 2021, 168.9 mwaka 2022, na 98.4 mwaka 2023. Jarida halikuharibika, makala za mwanzo wa janga zilizeeka zikatoka kwenye hesabu. Angalia pia kiasi ambacho jarida linajinukuu lenyewe. Kikiwa kikubwa kuliko cha wenzake wa fani hiyo, na namba imepanda kwa kasi, liweke pembeni. Clarivate huyanyima JIF majarida ambayo nukuu zake zimepindishwa.

Hatua ya 6: Usiihamishie makala namba ya jarida

Chukua makala kumi zilizonukuliwa hivi: 0, 0, 1, 1, 1, 2, 2, 3, 5, 45. Jumla ni 60, wastani ni 6. Makala tisa kati ya kumi ziko chini ya wastani. Nukuu za majarida karibu yote zimekaa hivi, chache zikibeba mzigo wa nyingi. Kumwambia mtu "utafiti wako una thamani ya 6" kwa sababu umetoka humo ni kumpa au kumnyima haki kwa kazi ya mwenzake. Azimio la San Francisco, DORA, lililotolewa mwaka 2013, linazitaka taasisi ziache kutumia JIF kumpima mtafiti mmoja mmoja, iwe kwa ajira, cheo au fedha za utafiti. Ukiwa kwenye kamati, naomba ulisome kabla ya kikao.

Hatua ya 7: Andika jedwali ambalo mwingine anaweza kulihakiki

Kila namba iende na chanzo, fani, mwaka wa kipimo na tarehe uliyoisoma. Mwaka unachanganya: JIF ya 2023 ilitoka Juni 2024, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuipa miaka miwili tofauti. Andika "JIF ya 2023, iliyotolewa 2024."

Na kama kamati inataka JIF na jarida halina, andika "haina" kwenye safu hiyo. Usijaze SJR mahali pake, na usijaze namba ya kampuni usiyoijua. Daktari wetu alikuwa na majarida mawili ya namna hiyo, yote mazuri, yote yakisomwa na madaktari wa watoto. Tuliandika "haina", tukaacha nafasi zake za CiteScore pembeni, na moja kati ya hayo ndilo aliloliweka la pili kwenye orodha yake.