Fundi amevunja mkataba? Jinsi ya kudai mahakamani Lamu na ushahidi wa simu ukakubaliwa

Kabla ya kwenda rejista ya mahakama, piga hesabu ya unachodai. Kisichozidi shilingi 1,000,000 unaweza kukipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ikiwa ipo katika kituo chako. Sheria yake ya 2016 haiibani kwa kanuni zote za ushahidi, na inaitaka imalize shauri kwa siku 60. Dai langu lilipita hapo. Nilikuwa nimemlipa fundi wa mashua malipo ya awali, kaskazi ikaingia na chombo bado ni mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu tu. Nikaenda kwa hakimu wa kawaida, na huko kanuni za ushahidi zinafuatwa barabara.

Anza kwa barua ya madai, umpe muda wa kulipa, na ubaki na nakala. Kanuni za mashauri ya madai za 2010 zinataka barua hiyo iandamane na hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za nyaraka utakazozitegemea. Vyote vinapakiwa kwenye mfumo wa mahakama mtandaoni. Kijana wa saiba atakupakilia vizuri, lakini si kazi yake kujua kilichopungua, kwa hivyo kagua mwenyewe.

Sasa simu, maana hapa ndipo muda wangu ulipokwenda. Mkataba wetu wote ulikuwa kwenye WhatsApp: bei, tarehe, picha za mbao. Nilichapisha skrinshoti nikaziambatisha. Siku ya kusikizwa wakili wa fundi akasimama, akauliza cheti kiko wapi. Shauri likaahirishwa.

Cheti hicho, cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, kinatokana na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ni karatasi moja tu, unaiandika na kuitia sahihi wewe uliye na simu. Eleza ni jumbe zipi, kati ya nambari zipi na za tarehe zipi. Taja aina ya simu na kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kisha fuata safari yote ya jumbe: ulizipiga picha kwenye simu, ukazituma kwa barua pepe, zikafunguliwa kwenye kompyuta ya saiba, zikatoka kwenye printa yake. Kompyuta na printa nazo zitaje. Kama kuna ujumbe wa sauti, uandike neno kwa neno, hasa kama ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kwani hakimu huenda ametoka bara. Kiswahili chenyewe hakina tatizo, mahakama za chini zinakikubali. Na tafadhali usiuze simu hiyo mpaka hukumu itoke.

Malipo yathibitishe kwa taarifa ya M-Pesa, unayoiomba kwa *334#. Ujumbe mmoja mmoja wa "umetuma" haumwoneshi hakimu mtiririko wa pesa.

Kwenye maombi yaliyo ndani ya hati ya madai, andika hasara kwa tarakimu. Hasara maalumu, kama mbao ulizonunua mwenyewe au bei ya fundi wa pili, isipotajwa kwenye hati na kuthibitishwa kwa risiti, hupewi hata kama hakimu anakuhurumia. Faida uliyoikosa baharini inataka zaidi: lazima fundi awe alijua kwamba akichelewa utaikosa. Kanuni hii ya Hadley v Baxendale, kesi ya Uingereza ya 1854, inafuatwa Kenya hadi leo. Ujumbe wangu wa "naitaka kabla ya kaskazi, nina wateja" ndio uliobeba sehemu hiyo ya dai. Usikae ukihesabu hasara pia. Tafuta fundi mwingine mapema, kwa sababu mahakama itauliza ulifanya nini kuipunguza.

Kumlazimisha fundi amalize kazi ni vigumu kupata, kwa kuwa fidia ya pesa inatosha. Omba kurudishiwa pesa na fidia, na riba na gharama za kesi uziandike humo humo. Dai la mkataba linaisha nguvu miaka 6 tangu ulipovunjwa.