Kabla hujafunga ekseli ya gari jingine kwenye Land Cruiser yako ya zamani

Land Cruiser 40 za mwisho zilitoka kiwandani Japani mwaka 1984. Aliye nayo mpaka leo hapa Tanga anajua shida ya kutafuta ekseli yake ya nyuma: unazunguka Ngamiani yote, na mwisho unaambiwa, "Chukua ya Land Cruiser 60, Toyota ni Toyota." Inawezekana kuifunga, mimi naendesha gari la namna hiyo. Lakini kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela, na mengine uyaangalie kabla hujafungua hata nati moja ya ekseli ya zamani.

Anza na kutu. Hapa ni pwani, na gari lililolala miaka kwenye upepo wa Raskazone huliwa kutokea ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga gamba la ekseli lote, hasa ubavu wa chini na pale springi zinapokalia. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na hicho kiache hapohapo dukani hata kama umepunguziwa bei.

Pima upana, toka uso wa haabu moja (kitovu kinachobeba tairi) mpaka nyingine. Ekseli ya 60 ni pana kuliko ya 40, kwa hiyo angalia tairi zitakavyokaa kwenye madigadi gari likiwa na mzigo.

Viti vya springi havilingani. Lazima vikatwe na kuchomelewa upya, na hapa usikubali haraka ya fundi. Mwambie avishike kwa vidoto tu vya kuchomelea kwanza, ashushe gari likae kwenye tairi zake kwa uzito wake wote, ndipo apime mlalo wa pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye ekseli) ulingane na wa transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ukichomelea gari likiwa juu ya jeki, springi zikishuka kila kitu kinahama, na propela, ile shafti ndefu ya kutoka transfa hadi ekseli, itatetemeka mpaka imalize krosi, kiungo kinachoiwezesha kujikunja. Akishapima, achomelee vipande vifupi vifupi, upande huu kisha ule, apumzishe chuma kipoe. Gamba likipinda kwa joto halinyooki kirahisi, na beringi zitakwisha moja baada ya nyingine huku ukilaumu muuzaji wa beringi.

Propela nayo ipimwe upya. Hakikisha ile sehemu inayoteleza ina nafasi ya kuingia na kutoka springi zikifanya kazi. Mipira ya breki badilisha yote, usirudishe ya zamani, na toa upepo mpaka pedali iwe ngumu. Hendibreki ifikirie mapema: 40 za zamani zinayo nyuma ya transfa, inashika propela, ila kama yako imeshabadilishwa na inatumia waya hadi kwenye ngoma, waya huo upate pa kushika kwenye ekseli mpya.

Sasa difu, ile seti ya gia iliyo ndani ya ekseli. Haya mengine yote unaweza kuyasoma mara moja ukapita, hili lisome mara mbili.

Nilipofunga ekseli yangu kila kitu kilionekana sawa. Nati 6 za rimu ziliingia kama zilizaliwa pale, maana 40 na 60 zina nafasi ileile ya boliti. Gari likawa jepesi barabarani, nikafurahi, nikadhani ni beringi mpya. Miezi mitatu nilikwenda Pongwe, Muheza, Pangani, bila tatizo lolote, kwa sababu muda wote huo nilikuwa natembelea tairi za nyuma peke yake.

Masika tukapanda Amani kumchukua mama mdogo na magunia yake ya iliki na mdalasini. Ukishapita Zigi barabara inaanza kupanda kwa kona, na siku hiyo ilikuwa tope jekundu tupu. Nikafunga haabu za mbele ili tairi zake nazo zivute, nikatia foo-wili, yaani tairi zote nne. Gari likapanda vizuri, likiteleza kidogo tu. Kurudi, mvua ilikuwa imekatika. Tukafika kipande cha mwamba mkavu, usukani ukawa mzito ghafla, tairi zikaanza kulia kwenye jiwe kama zinasagwa. Nikajaribu kutoa foo-wili, lever haikutoka. Nikaivuta kwa mikono miwili, haikutoka. Mama mdogo akauliza, "Mwanangu, kuna nini?" Nikamwambia hamna kitu, mama. Mita chache mbele ukatoka mlio kama wa bunduki chini ya miguu yetu. Krosi ya propela ya mbele ilikuwa imekatika, na lever iliyonishinda muda wote ule ikatoka kwa kidole kimoja.

Tulikaa pale mpaka jioni, mama wa watu kakalia gunia lake kando ya barabara, mteremko mbele yetu na mvua nyingine inakuja. Sijasahau sura yake.

Nyumbani tulipandisha gari juu ya magogo na mpwa wangu akashika chaki. Difu ya mbele, ya 40, ilikuwa na uwiano wa 4.11: krauni, ile gia kubwa, meno 37, pinioni meno 9, yaani pinioni inazunguka mara 4.11 krauni ikizunguka mara moja. Ya nyuma, iliyotoka kwenye 60, ilikuwa 3.70: krauni ni hiyohiyo ya meno 37 lakini pinioni ina meno 10. Tofauti ni jino moja. Ukitia foo-wili, propela zote mbili zinazunguka sawasawa, kwa hiyo tairi za mbele zikitaka kwenda mita 100, za nyuma zinataka kwenda 111. Kwenye tope hizo mita 11 zinapotelea kwenye kuteleza. Kwenye jiwe kavu au lami hazina pa kwenda, zinabana transfa, zinabana krosi, mpaka kilicho dhaifu kikatike.

Kwa nje huoni chochote. Kwa hiyo hesabu, palepale kwa muuzaji, shafti zikiwa ndani. Funga haabu moja isizunguke kabisa. Piga alama ya chaki kwenye haabu ya pili na kwenye flanji ya pinioni. Zungusha haabu hiyo mara 20 huku mwenzako anahesabu pinioni; kwa kuwa haabu ya kwanza imefungwa, hiyo ni sawa na krauni kuzunguka mara 10. Akipata 41 na kidogo, ni 4.11. Akipata 37 kamili, ni 3.70. Ni kazi ya dakika kumi na inachafua mikono tu. Kisha rudi nyumbani ufanye vivyo hivyo kwenye difu ya mbele ya gari lako, hata kama unaamini unaijua, maana gari la miaka 40 limeshapita mikono mingi. Zisipolingana, tafuta ya kulingana, au badilisha za mbele na nyuma pamoja. Fundi akikwambia "hutumii foo-wili kila siku," tafuta fundi mwingine.

Ukihamia 3.70 mbele na nyuma, spidomita itakudanganya. Ikionyesha 80, wewe uko karibu 89. Kumbuka hilo ukikaribia vijiji vya njia ya Segera.

Yuboliti zinazoshika ekseli kwenye springi nunua mpya, na ukitembea kama kilomita 100 uzikaze tena. Oili ya difu iwe ya difu, siyo ya injini iliyobaki kwenye dumu. Kitundu cha kupumulia juu ya ekseli kizibuliwe, la sivyo sili zitavuja. Waarifu watu wa bima kwamba umebadilisha. Ekseli ya zamani usiiuze chuma chakavu mpaka mpya imalize masika moja.

Siku ya kujaribu usipakie familia. Nenda Pongwe na kurudi, mchana, usiende usiku, beba spana na tochi hata hivyo. Ukirudi, shuka ushike kila haabu kwa kiganja. Zote ziwe na joto la kulingana. Iliyo moto kuliko wenzake, fungua palepale.