Namna ya kulijaribu gitaa la umeme la bei kubwa dukani: mwongozo kwa wapigaji wa Mwanza

Gitaa la umeme la bei kubwa likifika katika duka la muziki hapa Mwanza, mara nyingi huwa ni hilo moja tu, limetundikwa ukutani juu ya spika na vinanda vya kwaya, na mnunuzi hapati nafasi ya kulinganisha magitaa matano ya aina ile ile. Magitaa mawili yaliyotoka kiwanda kimoja yanaweza kutofautiana uzito, unyoofu wa shingo na jinsi sauti inavyodumu, kwa hiyo sifa ya jina lililoandikwa kichwani haitoshi kumfanya mtu atoe shilingi milioni kadhaa. Mwongozo huu ni wa kulijaribu gitaa hilo moja lililopo mbele yako, na msimamo wangu kama mpigaji na fundi ni kwamba sehemu kubwa ya jaribio inapaswa kumalizika kabla gitaa halijaunganishwa na ampu, yaani kikuza sauti chake.

Kabla ya kwenda

Chagua asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi mchana maduka ya mjini kati hujaa watu wanaojaribu spika za kanisani na za sherehe, na katika kelele hiyo hutasikia lolote la maana. Beba piki uliyoizoea, rula ndogo ya chuma, tochi, na simu yenye programu ya kutyuni. Ikiwezekana beba pia kebo yako na gitaa unalolitumia sasa, kwa sababu sikio huhukumu vizuri zaidi likiwa na kitu linachokijua cha kulinganisha nacho. Usivae mkanda wa suruali wenye bizimu kubwa ya chuma wala koti lenye zipu, maana mkwaruzo mmoja mgongoni mwa gitaa la watu utaharibu mazungumzo yote ya bei. Kama umetoka kula samaki wa kukaanga, nawa mikono kwa sabuni.

Ukifika, msalimie mwenye duka na umwombe akushushie gitaa yeye mwenyewe. Mweleze wazi kwamba unataka kulijaribu kwa utulivu na kwamba utahitaji kama nusu saa. Wauzaji wengi hukubali mtu akisema hivyo mapema, na hukereka mtu akichukua gitaa bila kuuliza.

Hatua ya kwanza: lijue gitaa lenyewe

Soma namba ya utambulisho na nchi lilikotengenezwa. Stratocaster ya Fender inaweza kuwa imetoka Corona, California, au katika kiwanda cha kampuni hiyo hiyo kilichopo Ensenada, Meksiko, na bei za hayo mawili hazilingani. Squier ni jina la magitaa ya bei nafuu ya Fender, kama Epiphone ilivyo kwa Gibson. Yote ni halali, lakini hayapaswi kuuzwa kwa bei ya ndugu zao wakubwa. Kwa Les Paul ya Gibson, kijifuniko kilichopo kichwani kwa kawaida hufungwa kwa skrubu mbili, na ukikuta tatu unayo sababu nzuri ya kushuku kwamba ni gitaa la kughushi. Piga picha namba hiyo na uihakikishe kwa mtengenezaji kabla ya siku ya malipo.

Hatua ya pili: simama nalo

Usilijaribu ukiwa umekaa tu. Livae kwa mkanda wake na usimame nalo dakika kumi, kwa sababu Les Paul nyingi zina uzito wa kilo nne au zaidi, na bendi ya harusi hupiga kwa saa nyingi. Ukiachia mikono, kichwa kisishuke chenyewe kuelekea sakafuni; kikishuka, mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba shingo usiku kucha badala ya kupiga. Pima pia urefu wa nyuzi kati ya kichwa na daraja, yaani kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi: Stratocaster ina inchi 25.5, Les Paul ni takriban inchi 24.75, na magitaa mengi ya PRS yana inchi 25. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye urefu mkubwa nyuzi za unene ule ule hukaza zaidi na freti, yaani vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni, huachana zaidi, jambo ambalo mwenye vidole vifupi huligundua mara moja.

Hatua ya tatu: shingo

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hubadilishwa, vigingi vya kukazia nyuzi hubadilishwa, waya huchomelewa upya, lakini shingo iliyojisokota ni hasara ambayo haina tiba ya bei nafuu.

Lishike gitaa kama mtu anayekagua unyoofu wa ubao, jicho likiwa upande wa kichwa, na utazame kingo zote mbili za shingo kuelekea kwenye daraja. Kingo hizo zinapaswa kwenda sambamba. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Kiasi cha milimita 0.2 hadi 0.3 ni kizuri. Nafasi ikizidi, au isipokuwepo kabisa, fundi anaweza kurekebisha kwa kuigeuza nondo ya chuma iliyopita ndani ya shingo. Nondo hiyo hurekebisha mpindo wa mbele na nyuma, wala haiwezi kuondoa msokoto.

Pitisha kidole taratibu kandokando ya shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, ujue mbao imekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki na urefu wake. Jambo hili hutokea hapa kwetu, hasa wakati wa kiangazi kati ya Juni na Agosti, kwa gitaa lililokaa muda mrefu katika unyevu wa pwani ya Dar es Salaam kabla ya kuletwa huku, au lililotundikwa mkabala na kiyoyozi. Ncha hizo hupigwa tupa na kulainishwa, kwa hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei na si sababu ya kulikataa gitaa.

Kwa Gibson, mulika tochi nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa. Kichwa chake kimelazwa nyuma kwa pembe ya digrii 17 hivi, na gitaa likianguka, hapo ndipo huvunjika. Mstari mwembamba kwenye rangi, au sehemu yenye mng'ao tofauti, unaweza kuwa mshono wa gundi.

Hatua ya nne: lipige bila umeme

Lityuni, kisha piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi hii huchosha, na wengi huiruka, ilhali ndiyo inayofichua freti moja iliyoinuka. Vuta nyuzi nyembamba kati ya freti ya 12 na ya 17. Sauti ikikatika katikati ya mvuto, freti hazijasawazishwa au nyuzi zimeshushwa mno. Kwenye freti ya 12, kimo cha milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na milimita 2 kwa uzi mnene ni kipimo kinachowafaa wapigaji wengi.

Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo uzi wa A wenye mitetemo 110 kwa sekunde unapaswa kutoa 220 ukibonyezwa hapo. Tyuna ikionyesha umepanda au umeshuka, usilikatae gitaa, kwani vijipande vya daraja husogezwa kwa bisibisi. Baada ya kuvuta nyuzi kwa nguvu, angalia tena kama tyuni imebaki. Uzi wa G ndio hukwama zaidi katika mfereji wake karibu na kichwa.

Hatua ya tano: ampu

Omba ampu ya kawaida, bila mwangwi wala makorombwezo mengine, na uweke vifundo vyote vya besi na trebo katikati. Ukiwa na gitaa lako, hakikisha yote mawili yanasikika kwa ukubwa ule ule wa sauti, kwa sababu sikio hulisifu lile linalolia zaidi.

Ukigusa nyuzi na kuhisi umeme unakutekenya, acha mara moja na uchomoe: soketi ya matundu matatu haithibitishi kwamba waya wa ardhini umeunganishwa. Mvumo mdogo kwenye pikapu zenye koili moja ni wa kawaida, kwani umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na koili hizo huudaka. Geuka taratibu na utaona mvumo unapungua ukielekea upande fulani. Pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover alizibuni akiwa Gibson mwaka 1955, zilitengenezwa ili kuuondoa mvumo huo.

Sasa piga kile unachokipiga kila wiki. Mpigaji wa sebene au benga anahitaji sauti safi juu ya freti ya 12, na mkono ufike huko bila kukwama kwenye mwili wa gitaa. Mpigaji wa ridhimu ashushe sauti kwenye gitaa lenyewe hadi nusu, kama afanyavyo pale mwimbaji anapoanza kuimba, asikilize kama ung'avu umebaki. Kifundo kinachokwaruza husafishwa kwa dawa ya kupuliza. Mwisho mpe mwenzako alipige, nawe usimame mlangoni usikilize, kwa kuwa wasikilizaji wako watakaa upande huo.

Ukiafiki

Omba nyuzi mpya na marekebisho ya kimo viwemo katika bei, pamoja na kasha gumu, hasa ukisafiri kwa meli kwenda Bukoba au kwa kivuko kwenda Ukerewe. Ukivuka mpaka nalo, gitaa lenye ubao wa jamii ya mpingo halidaiwi tena kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwishoni mwa 2019, isipokuwa likiwa na mbao ya Dalbergia nigra ya Brazili. Dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike juu yake namba ya utambulisho ya gitaa hilo hilo ulilolijaribu.