Umwiteje mtu usiyemjua: Dar, Unguja, Nairobi na kwingineko

Nauza kanga na vitenge, na kazi hii haikuruhusu kumwita mteja "we!" Nikifika mji mgeni nasikiliza kwanza wenyeji wanavyoitana. Nawe fanya hivyo, kisha anza na heshima ya juu. Wakitaka kukushusha watakushusha wenyewe.

Kariakoo pana uhuru mwingi. Kijana anayekuvuta dukani atakuita bosi, mkuu, anko au dada'angu. Mjibu "kaka" au "mdogo wangu" mambo yaende. Kwenye daladala dereva ni suka na mpokea nauli ni konda, hakuna anayenuna. Vijana wa rika moja huitana "mwanangu", lakini usithubutu kumwita hivyo mwanamume aliyekuzidi umri. Mwenye mvi mwamkie "shikamoo" kabla hujauliza bei, usubiri "marahaba" yake. Ukimrukia na "hii shilingi ngapi?" atakujibu, ila punguzo lisahau. "Ndugu" lilitamba enzi za ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, waziri na mkulima wakiitwa sawasawa. Leo utalisikia zaidi kwenye mikutano ya CCM. Mie bado nalipenda, na mtu nisiyemjua umri wake namwita hivyo hivyo.

Ukivuka kwenda Unguja, punguza kasi. Pale Darajani salamu ndiyo mlango: "Asalaam aleikum", mjuliane hali, ndipo useme shida yako. Mwanamke mtu mzima mwite "Bi" ukifuatisha jina lake, na kama hulijui, "mama" inatosha. "Yakhe" ni ya wanaume waliozoeana. Mgeni akiidandia siku ya kwanza inamkaa vibaya. Desturi za Mombasa haziko mbali na hizo, hasa Mji wa Kale.

Nairobi geuza gia. Mtu mzima kumwamkia mwenzake "shikamoo" si desturi ya huko, na mama wa miaka arobaini anaweza kuona umemzeesha. "Habari yako, mama" inatosha. Muuza mboga ni mama mboga, naye atakuita "kastoma". Msee (jamaa), buda (baba, mzee) na mathe (mama) utazisikia kila kona, lakini hizo ni za vijana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye matatu sema "dere, nishukishe hapo mbele", na hilo halimuudhi mtu.

Lubumbashi, kule Kongo, "papa" na "mama" humfaa karibu kila mtu mzima, na aliyekutangulia kidogo kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume, ni "yaya".

Kuna njia inayofaa miji yote hii: kumwita mtu kwa mwanawe, Mama Zuhura, Baba Juma. Ila usibahatishe, wala usimuulize mwanamke "mama nani?" mkiwa ndiyo kwanza mmeonana, kwani huenda hajajaliwa mtoto, au amempoteza. Subiri umsikie jirani yake akimwita, nawe uitikie humo humo.