Somo: Kwa nini mimea mingine huota miiba

Mwiba ni gharama. Mmea huutengeneza kwa chakula ambacho kingekwenda kwenye majani au matunda, kwa hiyo ukiuona, jua kuna kitu kinacholindwa. Tuukague.

Hatua ya 1: Tazama umeota wapi. Shika tawi la mlimao. Mwiba umekaa kwapani mwa jani, pale pale ambapo tawi lingechipuka. Ni tawi lililochongoka, ndiyo maana ni mgumu kuung'oa. Sasa nenda kwenye waridi, usukume mwiba kwa ubavu na kidole gumba: unabanduka na kuacha kovu bapa, kwa sababu umeota kwenye ngozi ya shina tu. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kuwa miiba ya namna hii, kwenye waridi na hata kwenye jamii ya bilinganya, hutegemea jeni za kundi moja liitwalo LOG, ingawa mimea hiyo ilianza kuota miiba kila mmoja kivyake. Inanishangaza mpaka leo. Miiba ya mpungate ni majani yaliyogeuka. Chakula hutengenezwa na shina la kijani.

Hatua ya 2: Linganisha urefu. Migunga iliyozungushiwa uzio, wanyama wakubwa wasiifikie, huota miiba mifupi zaidi kwenye matawi mapya. Adui akiondoka, mti unabana matumizi.

Hatua ya 3: Tafuta kazi nyingine. Miiba ya mpungate hulitilia shina kivuli. Baadhi ya migunga ina miiba iliyovimba, mitupu ndani, wanamoishi sisimizi wanaomvamia anayegusa majani.

Maswali ya wanachama

*Mbona mbuzi na twiga bado wanakula migunga?*
Wanakula, ila polepole. Badala ya kukomba tawi zima, mnyama anachomoa majani machache machache, na mti unabaki na ya kutosha.

*Mlimao wangu wa mbegu umejaa miiba, wa kupandikiza (kijitawi kilichoungwa kwenye shina la mti mwingine) una michache. Kwa nini?*
Wa mbegu bado mchanga, na miiba mingi ni tabia ya uchanga. Kikonyo cha ule mwingine, yaani kijitawi kilichoungwa, kilitoka kwenye mti uliokwisha komaa. Wako nao ukikua, matawi ya juu yatapunguza miiba.

*Naweza kuikata?*
Ndiyo, kata ncha kwa mkasi safi. Usiing'oe, utachana gome na kufungulia magonjwa mlango. Kwenye mti wa kupandikiza, chipukizi lenye miiba mirefu likitokea chini ya kiungo, pale kikonyo kilipoungwa, liondoe lote: hilo ni la shina la chini lililobeba kikonyo, si la mlimao wako.