Safari ya Kikazi São Paulo: Panga Hivi Kabla ya Kutoka Nairobi

Kabla ya kulipia hoteli, uliza mkutano uko mtaa gani. Ofisi nyingi za São Paulo ziko Avenida Paulista, au upande wa Mto Pinheiros, huko Faria Lima na Berrini. Paulista inahudumiwa na laini ya kijani ya metro, Faria Lima laini ya njano, na Berrini treni ya laini ya 9. Chagua hoteli ambayo unaweza kutembea hadi kituo cha laini hiyo. Ukilala mbali kwa sababu bei ni nafuu, foleni ya asubuhi itakumaliza kabla hujafungua laptop. Ni kama Mombasa Road, ila haina mwisho.

Tazama tiketi vizuri pia. Ndege za kimataifa hutua Guarulhos (GRU), kama kilomita 25 kutoka katikati ya mji. Congonhas (CGH) uko ndani ya mji na ni wa safari za humo nchini. Ukiunganisha ndege kati ya viwanja hivyo viwili, jipe si chini ya masaa matano.

Chanjo ya homa ya manjano idungwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ya zamani bado inafaa, kwani tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kibebe mkononi, kwa sababu ukirudi JKIA kinaweza kuulizwa.

Umeme ndio huwakamata wengi. Soketi za Brazil zina matundu matatu ya mviringo, kwa hivyo adapta ni lazima, na hapo São Paulo umeme wa kawaida ni volti 127, si 240. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikisema 100–240V, haina shida. Pasi ya kwetu ya wati 2000 itatoa takriban wati 560 tu, na shati la kitani halitanyooka. Iache nyumbani, uombe ya hoteli. Baadhi ya soketi huko ni za volti 220, basi soma kibandiko kabla ya kuchomeka chochote.

Malipo: wenyeji hutumia Pix, njia ya kulipa papo hapo kwa simu, lakini inahitaji akaunti ya benki ya huko. M-Pesa haitakufaa dukani, kwa hivyo beba kadi mbili za benki tofauti na uziweke mahali tofauti.

Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa sita. Saa tatu asubuhi São Paulo, Nairobi ni saa tisa alasiri. Simu za ofisini zipige kabla ya saa tano ya huko, la sivyo wenzako wameshatoka.

Barabarani usitembee ukitazama simu, maana waporaji hupita kwa baiskeli au pikipiki wakainyakua. Ingia dukani kwanza, ndipo uangalie ramani.

Chakula cha mchana tafuta mkahawa wa "por quilo". Unajipakulia, sahani inapimwa, unapewa karatasi ya bei. Itunze, kwani bila hiyo kulipa mlangoni kunakuwa na mzozo. Wali na nyama kwa kawaida vina bei moja kwa kilo, basi punguza wali, ongeza nyama. Jumatano na Jumamosi, ulizia feijoada, mchuzi mzito wa maharagwe meusi na nyama ya nguruwe.